Bolti Hazivuti

Mwaka 1957 Colin Chapman wa Uingereza alianza kuuza Lotus Seven, gari dogo la mwendo kasi ambalo mnunuzi aliweza kulipokea vipande vipande na kuliunganisha mwenyewe nyumbani. Desturi hiyo ingali hai. Wapo mafundi wa nyumbani nchini humo wanaochomelea fremu za mabomba ya chuma kwa mfano wa gari hilo, kisha wakatoa injini na giaboksi kwenye Ford Sierra kuukuu. Ustadi wao huonekana hasa siku ya kuziingiza.

Kazi huanzia kwenye klachi. Fundi hupangusa flaiwili mpaka kitambaa kitoke safi, kwa kuwa oili kidogo tu huifanya klachi iteleze. Huipachika klachi pleti, akiangalia upande unaoelekea flaiwili, na kuishikiza katikati kwa kifaa cha kusentia. Juu yake hukaa presha pleti. Bolti zake huzikaza kwa kukingamisha, kila moja kidogo kwa zamu, ili ishuke sawasawa. Kisha humalizia kwa spana ya kupimia mkazo.

Sasa giaboksi. Shafti yake ya mbele lazima ipenye meno ya klachi pleti, ifike kwenye beringi ndogo iliyo nyuma ya krenkishafti. Fundi huisogeza ikiwa imenyooka, huzungusha shafti kidogo, hutafuta meno yakutane. Pengo likibaki upana wa kidole, asiyejua huchukua bolti ndefu akaikaza ili chuma kisogee, na hapo huweza kuvunja kitu. Fundi huirudisha nyuma, husentia upya, hujaribu tena. Bolti ni za kushikilia, si za kuvuta. Ikikaa sawa, giaboksi huingia kwa nguvu ya mikono tu, nyuso mbili zikagusana pande zote.

Injini na giaboksi hushuka pamoja. Mabomba ya fremu yamefungwa matambara, na mkia wa giaboksi umezibwa kwa mfuko wa plastiki ili oili isimwagike, kwani mkia hutangulia ukiwa umeinamishwa sana. Fundi mmoja huachia taratibu winchi inayozishikilia. Mwenzake huuongoza mkia kuelekea nafasi nyembamba iliyo kati ya viti. Hushusha kidogo, husimama, hukagua pande zote, hushusha tena. Mfuko huondolewa, na propela shafti iliyotangulizwa katika nafasi hiyo huingia kwenye mkia.

Bolti za raba za injini zote huanzwa kwa vidole kabla ya hata moja kukazwa. Fundi huzungusha krenkishafti kwa spana mizunguko miwili kamili, akisikiliza mkwaruzo. Hupitisha gia zote, moja baada ya nyingine. Kila kitu kikishapata mahali pake bila kulazimishwa, ndipo hukaza.