Hukumu, Adhabu na Hofu ya Kurudia Neno

Katika kusahihisha insha za Kiingereza twaona kwamba wanafunzi wengi wameshika mno fundisho moja: neno lisirudiwe. Fundisho hilo halina ubaya mtu anaposifia machweo ya jua ziwani. Lakini likiingia katika habari za mahakama, laweza kumwongezea mshtakiwa adhabu ambayo hakimu hakuitoa.

Tumchukue mwanafunzi aelezaye kesi ya wizi. Kwanza aandika "sentence" ya miaka mitatu. Mstari wa pili, kwa kuogopa kurudia, aandika "penalty". Wa tatu, "conviction". Msomaji atauliza: je, mwizi huyu ameadhibiwa mara ngapi? Maneno hayo si ndugu wa tumbo moja. "Sentence" ni adhabu itamkwayo na mahakama baada ya mtu kupatikana na hatia. "Penalty" ni pana zaidi: hata achelewaye kulipa kodi hutozwa, ingawa hakupandishwa kizimbani. "Conviction" si adhabu kamwe. Ni kule kutiwa hatiani, na mtu aweza kutiwa hatiani kisha akaachiliwa bila kifungo wala faini. Hapa Kiswahili chetu nacho kina sehemu yake ya lawama, maana neno "hukumu" hubeba yote mawili, uamuzi wa hatia na adhabu ifuatayo, na mwanafunzi huvuka nalo mpaka bila kulikagua.

Waingereza wenyewe walikwisha kuonyana. H. W. Fowler na nduguye F. G. Fowler, katika kitabu chao The King's English cha mwaka 1906, waliikejeli tabia ya kubadili maneno kwa ajili ya urembo tu, na H. W. akairudia kejeli hiyo katika kamusi yake ya matumizi ya mwaka 1926. Twakubaliana nao, ingawa ulimi wao ulikuwa mkali kupita haja. Watunga sheria nao hurudia neno lile lile kwa makusudi, kwani likibadilika, wakili atadai kwamba na maana imebadilika.

Mwanafunzi afanyeje basi? Asikimbilie kamusi kutafuta neno jingine. Na aiunde sentensi yake upya. Mara nyingi kitenzi chatosha: "was fined", "was jailed", na haja ya jina imekwisha. Lakini penye vifungo viwili vitumikiwavyo kwa pamoja, cha miaka miwili na cha mitatu, ambapo mfungwa atakaa miaka mitatu wala si mitano, "sentence" na irudiwe mara mbili, hata tatu, na mwalimu asiipigie mstari mwekundu.