Bonana ya Lubumbashi: tunakula nini, tunacheza nini?

Mutoto wa Lubumbashi haombi "zawadi ya mwaka mupya". Anasimama mu mulango, mukono mbele, anasema neno moja: "Bonana!" Neno lenyewe lilitoka katika Kifaransa, kila mutu anajua, lakini limekwisha kupata uraia kwetu. Bonana ni siku, ni nguo, ni kuku, ni bonbon na falanga kidogo mu mufuko. Katika mikutano ya kikundi chetu, wazee wengine wanasemaka: "Ile si desturi yetu, ni mambo ya wazungu. Muandike juu ya desturi za kweli." Tunawaheshimu wazee wetu, lakini kwa jambo hili hatukubaliane nao.

Juu gani? Muji huu ulianzishwa mwaka wa 1910 kwa jina la Élisabethville. Juu ya kazi ya shaba, watu walitoka Kasai, walitoka Rhodesia ya Kaskazini, walitoka Rwanda na Burundi, wakakuta Walamba na Wasanga katika inchi yao. Kila kabila lilikuja na sikukuu zake, na hakuna hata moja iliyoweza kuwa ya wote. Tena, mwezi wa kumi na mbili kwetu si wakati wa mavuno: mahindi yangali machanga, mvua inanyesha, ghala za kijijini ziko karibu kwisha. Kitu ambacho watu wa kambi walikuwa nacho pamoja ni kalenda ya kazi: siku ya posho, siku ya mushahara, siku ya Mungu, na bonana. Kwa hiyo bonana ni desturi iliyozaliwa mu muji. Uzuri wake na ubaya wake ni vyetu.

Uzuri wake tunauona mu lupango. Mu lupango moja wanakaa Muluba, Mubemba na Mutshokwe, kila mutu na mbabula yake. Siku ya kwanza ya mwaka, sahani iliyofunikwa kitambaa inapita toka mulango hadi mulango, na hairudi tupu. Wale waliokuwa watu wazima mwaka wa 1992 na 1993, wakati ndugu wa Kasai walipofukuzwa katika Katanga, na wengi wakalala kwenye gare wakingoja treni, wanajua maana ya sahani ambayo haipite tena. Ndiyo sababu hatuichekelee bonana.

Lakini kuipenda si kunyamaza. Twende mu soko ya Kenya siku tatu mbele ya sikukuu. Huko hamuna tena njia, ni mabega tu. Mama anapima kiatu kwa kamba aliyokata nyumbani, maana mutoto amebaki na wadogo wake. Nguo zimetoka mbali, China ao Dubai, zimepita Dar es Salaam, zimevuka Zambia, zikangoja kwenye mupaka wa Kasumbalesa. Tusimuhukumu muchuuzi mbio mbio: gari likilala siku nyingi mupakani, ni yeye anayelipa, na kisha ni sisi. Tunachokosoa ni kitu kingine. Kanzu ya mutoto wa kike, yenye maua ya plastiki na tabaka tatu za tuli, inanunuliwa kwa pesa ya likelemba ya miezi mingi, na mbele ya Pasaka imepasuka. Fundi wa karitie, yule anayeshona bikwembe usiku kucha, angeacha upindo mukubwa kusudi nguo ikue pamoja na mutoto. Wamama wanajua hiyo vizuri. Wanatujibu: "Na mutoto wangu apate haya mbele ya wenzake?" Hapo tulikosa jibu, tuseme kweli.

Kwa chakula tuko na neno kali zaidi. Meza ya bonana inajulikana: kuku wa barafu, muchele, viazi vya kukaanga, chupa za Simba kwa baba na sukari yenye rangi kwa watoto. Wala hatusemi ni vibaya. Mutu aliyekula bukari na lengalenga mwaka mzima ana haki ya kuku wake. Ila muangalie jambo la kushangaza: wakati ule ule, kandokando ya barabara ya Likasi na ya Kasumbalesa, wamama wanasimama na mabeseni ya buyoga, wengine wanasema bowa. Ni wakati wake, mvua imeuamsha. Kuna ule mudogo wa manjano, kuna ule mukubwa unaoota juu ya vichuguu vya muchwa, ambao kofia yake inaweza kukaribia mita moja. Kuna watu wa inchi za mbali wanaosafiri kuja kuuona na kuuandikia vitabu. Ukipikwa na karanga, nyama inapata haya. Na sisi, siku ya wageni, tunauficha mu jikoni kama chakula cha masikini!

Na kuna ubaya mwingine ndani. Ule buyoga wa manjano unaishi na mizizi ya miti ya miombo. Muti ukikatwa, nao unakwisha. Muti unakatwa juu ya nini? Juu ya makala. Na kuku wa bonana anapikwa juu ya makala, maana umeme unapotea saa ile ile kila mutu anapouhitaji. Hivi kila mwaka tunachoma shamba la chakula kimoja kwa kupika kingine, na kila mwaka wale wamama wanauokota mbali zaidi.

Juu ya muziki tutasema kifupi. Podio kubwa zinasimamishwa, vipaza sauti vinatikisa madirisha mpaka asubuhi, na mara nyingi mwimbaji anafungua kinywa tu, sahani ndiyo inaimba. Muji huu ulisikia gitaa moja la Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka wa 1952; ulicheka na kundi la Mufwankolo, ambalo lilicheza michezo yake katika Kiswahili cha huku, si cha vitabu. Leo, mutu akitaka kusikia Kiswahili hicho usiku wa bonana, aache podio, aende mu vichochoro vya Katuba ao Kenya, atafute vijana wa karindula. Banjo yao ni pipa la chuma na ngozi ya mbuzi, kubwa hata mupigaji anaikalia. Wanaimba kodi ya nyumba, bwana anayelala inje, deni la unga. Watu wanacheka, kisha wananyamaza kidogo, kisha wanacheza tena. Hakuna tiketi. Tuliwasikiliza mpaka mvua ikatufukuza, na tunasema bila haya kwamba walishinda podio yote.

Mwaka uliopita, mu lupango moja ya Katuba, mama mwenye nyumba alithubutu: aliweka sufuria ya buyoga pembeni ya kuku. Watoto walikimbilia kuku. Wageni nao wakajitia haya, wakachukua kuku. Saa tisa ya mchana, mzee mumoja aliyekuwa amekaa kimya akauliza, sauti ya chini, kama kile cha karanga kingali kiko. Mama akafunua sufuria. Ilikuwa tupu, na hakuna aliyekubali kwamba ni yeye.