Ringi Iliyogoma

Fundi wa kamera anayeijua kazi yake, akiletewa lenzi ya mtumba ambayo ringi yake ya apacha, yaani ya tundu la mwanga, imegoma, hakimbilii bisibisi. Huitazama kwanza. Nikkor za AF-D, kama ile ya milimita 50, zina kifungio kidogo kinachoibana ringi kwenye namba ya tundu dogo kabisa ili kamera iongoze tundu la mwanga yenyewe. Pentax za mfululizo wa A zina kitufe ambacho lazima kibonyezwe kabla ringi haijatoka kwenye herufi A. Helios 44-2 iliyoundwa Umoja wa Kisovieti ina ringi mbili. Ya kwanza ikiwekwa kwenye 2, ya pili haina pa kwenda. Ni lenzi ngapi zimeitwa mbovu, zikauzwa kwa bei ya vipuri, ilhali hazikuwa na ugonjwa wowote? Utazamaji huo ndio ufundi wenyewe, na ndio unaotuponyoka.

Hata ubovu ukiwa wa kweli, pupa huuongeza. Chini ya ringi ya lenzi nyingi za zamani hukaa gololi ya chuma, ndogo kuliko punje ya mtama, inayosukumwa na springi iingie kwenye vijishimo vilivyochongwa kwa vipimo. Ule mlio mdogo unaosikika ringi inapozungushwa unatoka hapo. Kutoka 2.8 hadi 4 mwanga hupungua nusu, na kidole hutambua hatua hiyo bila jicho kuondoka kwenye kioo cha kutazamia. Anayeifungua ringi kwa haraka huiona gololi ikiruka, asiipate tena. Skrubu za Kijapani nazo hazipatani na bisibisi ya kawaida ya msalaba; ncha huteleza, kichwa kikalika, na lenzi iliyokuwa imegoma tu sasa haifunguki kabisa.

Wapo wasemao puliza mafuta, itaachia. Huenda ikaachia leo. Lakini mafuta hutambaa hadi kwenye vibati vyembamba vya apacha, vikashikana, na tundu likachelewa kujifunga picha inapopigwa. Wengine husema gharama ya fundi inazidi bei ya lenzi nyingine. Kwa hesabu ya siku moja wana haki. Ila lenzi ya pili nayo ni ya mtumba, grisi yake imezeeka vilevile, na kila inayotupwa huondoka na vipuri ambavyo havitengenezwi tena.

Mwaka 1987 Canon ilipoleta mfumo wa EOS, iliiondoa ringi hii kwenye lenzi zake, amri ikahamia kwenye kamera. Fujifilm imeirudisha kwenye lenzi nyingi za XF, jambo la kushukuriwa, lakini ringi hizo hutuma ishara ya umeme tu. Hazishikani na vibati, na zikigoma, shida inaweza kuwa kwenye saketi ambayo fundi wa mtaani hana vifaa vya kuipima.