Sifa tupu hazimfundishi mtu

Huko Uingereza, Marekani, Ufaransa na kwingineko kuna watu wazima, wenye kazi na jamaa, wanaocheza vita kwa askari wadogo. Askari hao ni wa madini au wa plastiki. Wengi wana urefu wa milimeta 28 hivi. Mwenyewe huwanunua, huwaunga kwa gundi, huwapaka rangi kwa burashi nyembamba, kisha huwapanga juu ya meza. Mwendo wao hupimwa kwa rula, na mapigo yao huamuliwa kwa dadu. Msicheke upesi. Katika mchezo huo limo swali linalotuhusu sote: mtu akituonyesha kazi ya mikono yake, tumwambie nini?

Mchezo wenyewe si wa jana. Mwaka 1824 ofisa wa Prusia, von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa vita kwa kuwafundisha maofisa. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells akatoa kitabu Little Wars, kwa watu wanaotaka kucheza nyumbani kwa askari wa kuchezea na mizinga midogo. Jambo la kusifiwa kwa Wells ni hili: hakudai kwamba kanuni zake zilizaliwa kamili. Anaeleza jinsi yeye na rafiki zake walivyojaribu, wakaona kasoro, wakabadili, wakacheza tena.

Roho hiyo ya kujaribu na kusahihisha imepungukiwa na chakula katika mchezo huu. Nataka kutaja sifa za namna mbili zinazoidhoofisha.

Ya kwanza ni sifa za rafiki. Mtu analeta askari wake, amewahangaikia usiku kwa usiku. Wote wanapaza sauti: « Vizuri sana! Hongera! » Hakuna anayemwambia kwamba rangi ni nzito mno, imefunika macho na mikunjo ya nguo, kwamba afadhali aizimue kwa maji kidogo, apake mara mbili badala ya mara moja, kwamba mshono wa kalibu ungali unaonekana begani, ilifaa aukwangue kwa kisu kabla ya kupaka. Maneno hayo matatu yangemfaa kuliko hongera mia. Mwaka ujao ataleta askari wengine wenye kasoro zilezile, naye atashangaa kwa nini hashindi katika mashindano.

Ya pili ni sifa za mwuzaji. Gazeti White Dwarf lilianzishwa Uingereza mwaka 1977 na kampuni ya Games Workshop. Miaka ya kwanza lilipima michezo ya watengenezaji mbalimbali. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 likageuka, likashughulika karibu na bidhaa za mwenye gazeti tu. Si kosa mfanyabiashara kutangaza mali yake. Lakini tangazo tusiliite hukumu, maana mwamba ngoma huvutia kwake. Vivyo hivyo yule anayepewa sanduku bure kabla ya wengine, akalifungua, akasifu picha na harufu ya karatasi, bila kucheza hata mara moja. Msomaji maskini atatoa fedha yake kwa kuamini neno hilo.

Labda mtu atasema: « Ni mchezo tu, sifa zitamdhuru nani? » Basi sikilizeni. Mwezi wa Mei 1942 maofisa wa manowari za Japani walijaribu mezani mpango wao wa kushambulia kisiwa cha Midway. Kama walivyosimulia maofisa wa Kijapani baada ya vita, dadu zilionyesha kwamba mabomu tisa yamepiga, na manowari mbili za kubebea ndege, Akagi na Kaga, zimezama. Amirali Ugaki, msimamizi wa mchezo, akaamuru yahesabiwe matatu tu. Akagi ikaokoka; na Kaga iliyozama ikarudishwa baadaye mchezoni. Mwezi wa Juni, katika vita vyenyewe, Japani ilipoteza manowari nne za namna hiyo, na Akagi na Kaga zilikuwamo. Sisemi kwamba dadu ni nabii. Nasema kwamba meza iliuliza swali, na mkubwa akalifunga kinywa. Na aliye chini yake akanyamaza.

Lakini tujihadhari pia na kosa la upande wa pili. Wako wanaodhani ukweli ni matusi. Kumwambia kijana « kazi yako ni takataka » hakumfundishi chochote, kama vile hongera tupu isivyomfundisha. Hakimu mwema hushika mambo manne: aijue kazi kwa kuifanya mwenyewe, ataje kwanza kilicho chema, kama kipo kweli, aonyeshe kasoro kwa kidole, na dawa yake, aseme habari ya kazi, asimguse mtu. Na akiwa amepewa zawadi na mwuzaji, aseme waziwazi.

Naye mwenye kazi ana wajibu wake: akiuliza, awe tayari kujibiwa. Wengi huuliza « mwaonaje? » huku wakitaka kupigiwa makofi. Wazee wetu walituonya zamani: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Basi seremala akikuonyesha kiti, au mtoto daftari lake, kikalie kiti hicho kwanza, lisome daftari hilo kwanza. Ndipo ufungue kinywa.