Kinyonga wa Pembe Tatu Nje ya Nyumba: Banda, Majira na Maji

Kinyonga wa pembe tatu, Trioceros jacksonii, ni mnyama wa baridi. Kwao ni nyanda za juu za Kenya, kuzunguka Mlima Kenya na Aberdare, na jamii yake moja ndogo huishi Mlima Meru, Tanzania. Katika mwinuko wa kati ya mita 1,600 na 2,400 anakopatikana kwa wingi, mchana huwa wa nyuzi 16 hadi 25 za Sentigredi, na usiku joto huweza kushuka chini ya 10. Wafugaji wa Marekani waliomnunua madukani katika miaka ya 1970 wengi hawakulijua hilo. Walimtia katika masanduku ya kioo, wakamwashia taa za joto mchana na usiku, kwa kudhani kwamba kila mnyama wa Afrika hupenda joto. Vinyonga wengi hawakumaliza mwaka. Mambo yalibadilika pale wafugaji, hasa wa pwani ya California, walipowatoa nje.

Banda la nje hutatua matatizo mawili makubwa bila fundi wala umeme. La kwanza ni usiku. Mwili wa kinyonga hufuata joto la hewa, kwa hiyo usiku wa baridi humpumzisha: hutumia nguvu kidogo na kupoteza maji kidogo. Usiku wa joto humchosha siku baada ya siku, hata kama mchana ni mzuri. La pili ni jua. Ngozi yake inahitaji miale ya urujuanimno ili kutengeneza vitamini D3, na bila vitamini hiyo kalsiamu haiingii kwenye mifupa. Kioo cha dirisha huzuia miale inayohitajika. Ndiyo sababu kinyonga aliyewekwa dirishani, hata anapooteshwa jua kila asubuhi, bado huweza kupinda miguu na taya yake kulegea kama mpira.

Banda lenyewe huwa refu kuliko upana wake, kwa sababu kinyonga hujisikia salama akiwa juu. Kwa mkubwa mmoja, sentimeta 60 kwa 60 kwa kimo cha 120 ni kiasi cha chini. Kuta huwa za wavu wa chuma laini. Wavu wa plastiki hutobolewa na panya, na hata nyenje waliowekwa kama chakula huutafuna. Ndani huwekwa mimea hai yenye majani mengi, kama fikasi na haibiskasi, pamoja na vijiti vya unene tofauti anavyoweza kuvishika kwa nyayo zake. Nusu ya paa hufunikwa daima. Mfugaji asimchagulie kinyonga mahali pa kukaa. Kazi yake ni kuhakikisha jua na kivuli vyote vipo, na mnyama achague. Madume hayawekwi pamoja, wala mabanda yao hayatazamani: dume mnyonge akimwona mwenzake kutwa nzima, huacha kula.

Mnyama mwenyewe ni kipimo kizuri kuliko kipimajoto. Asubuhi hutoka majanini akiwa karibu mweusi, akajibapa na kuelekeza ubavu mmoja kwenye jua. Akishapata joto la kutosha, ukijani hurudi naye hurudi majanini. Akionekana amepauka huku kinywa ki wazi, joto limezidi na kivuli hakitoshi.

Baridi ya pwani ya California si adui mkubwa. Usiku wa nyuzi 5 au 6 huvumilika iwapo kinyonga ni mkavu na kesho yake kuna jua. Hatari ni mvua za Desemba hadi Februari zinapofululiza siku kadhaa pamoja na upepo. Kinyonga aliyekosa joto hawezi kumeng'enya chakula, hivyo siku hizo hulishwa kidogo au halishwi kabisa. Upande wa upepo hufunikwa nailoni, ambayo huondolewa jua likitoka. Penye jalidi, kinyonga huingizwa ndani kwenye chumba kisichopashwa joto.

Majira yanayoua ni mwisho wa kiangazi na vuli. Ndipo huvuma pepo za Santa Ana kutoka jangwani, hewa hukauka na joto hupita nyuzi 35 hata karibu na bahari. Kinyonga wa mlimani hawezi kustahimili siku kama hizo kwa kivuli peke yake. Wafugaji makini hutazama utabiri wa hali ya hewa na kumwingiza ndani kabla upepo haujafika.

Maji ndiyo kazi ya kila siku. Kinyonga kwa kawaida hatambui maji yaliyotulia bakulini. Hulamba matone yanayong'aa kwenye majani. Chombo kilichotobolewa tundu dogo na kuwekwa juu ya banda kinatosha, mradi kidondoshe polepole kwa muda mrefu. Macho yaliyozama ni dalili ya kiu. Vilevile, sehemu ya kinyesi inayopaswa kuwa nyeupe ikigeuka rangi ya chungwa, maji hayatoshi.

Mlango nao hauna mzaha, maana kinyonga akitoka huweza kuzaliana na kuenea. Mwaka 1972, mwenye duka la wanyama huko Kaneohe, kisiwa cha Oahu, Hawaii, alipokea vinyonga hawa wakiwa wamekonda kwa safari, akawaachia bustanini wapate nafuu. Hawakurudi. Jike huzaa watoto hai, mara nyingi zaidi ya kumi kwa mkupuo, na leo kizazi chao kimeenea visiwani humo na kula konokono wa asili.

Msomaji wa Limuru au Arusha tayari ana hali ya hewa ambayo wengine huitafuta kwa gharama. Yule wa Mombasa au Dar es Salaam hana, maana usiku wa pwani ni wa joto mno kwa mnyama huyu. Lakini kwa wote hao, kinyonga huyu ni mnyamapori anayelindwa, na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Kibali kitafutwe kabla ya kununua wavu.