Jiwe Likishavunjwa, Kifusi Kinabaki

Januari 1873, katika nyumba moja ya Chislehurst, nje kidogo ya London, Napoleon III wa Ufaransa, aliyeng'olewa madarakani miaka michache nyuma, alilazwa kwa klorofomu ili avunjwe jiwe la kibofu. Daktari wake, Sir Henry Thompson, ndiye aliyekuwa bingwa wa kazi hiyo Uingereza. Alivunja mara ya kwanza, akampumzisha mgonjwa, akarudia siku chache baadaye. Awamu ya tatu ilipangwa tarehe 9. Siku hiyo hiyo mgonjwa akafa. Walipompasua walikuta figo zimeharibika vibaya, na kibofuni bado limo karibu nusu ya jiwe.

Fundi yeyote angeuliza: kwa nini kazi moja ikatwe vipande vipande namna hiyo?

Tuanzie walikotoka. Kwa karne nyingi jiwe lilitolewa kwa kisu kupitia msamba, mgonjwa akiwa macho, amefungwa na kushikiliwa asifurukute. Samuel Pepys wa London alikatwa hivyo mwaka 1658, jiwe likatoka kubwa kama mpira wa tenisi. Alilitengenezea kasha lake, na akawa akiifanyia sherehe tarehe ile mwaka hadi mwaka. Alikuwa na haki; wengi hawakuamka kitandani.

Mwaka 1824, jijini Paris, daktari Jean Civiale alilifuata jiwe kwa njia ya mkojo yenyewe. Chombo chake kilikuwa mrija wa chuma ulionyooka, wenye kucha tatu zilizojikunja ndani. Ukishafika kibofuni kucha zinafunguka, zinalidaka jiwe, na katikati yake kekee inalitoboa hadi lipasuke. Waliomfuata walileta koleo la mataya mawili linalokazwa kwa parafujo. Kibofu hujazwa maji kwanza, taya lisije likabana nyama badala ya jiwe. Na daktari haoni kitu: anapapasa kwa chuma, anasikiliza mlio wa chuma kugonga jiwe.

Civiale alikuwa pia mtu wa hesabu. Alikusanya takwimu za Ulaya: kwa kisu alikufa karibu mgonjwa mmoja kati ya watano, kwa njia yake kama wawili kati ya mia. Mimi hesabu hiyo siimezi nzima, maana wagonjwa wa njia mpya walichaguliwa, na wenye mawe magumu au makubwa mno waliachiwa kisu. Hata hivyo, pengo ni kubwa mno kuelezwa kwa uchaguzi peke yake.

Lakini kifusi? Jiwe likivunjwa huwa chenga zenye ncha, na mgonjwa aliachwa azikojoe mwenyewe. Kipande kimoja kikikwama kwenye mrija wa mkojo, mkojo unaziba. Vilivyobaki vinakwaruza kibofu, usaha unaingia. Juu ya hayo madaktari waliamini kwamba kibofu hakivumilii chuma zaidi ya dakika chache. Ndiyo maana ya zile awamu.

Mwaka 1878 Henry Jacob Bigelow wa Boston aliivunja imani hiyo. Ndiye aliyetangaza kwa maandishi habari za nusu kaputi ya etha mwaka 1846, kwa hiyo alijua mgonjwa aliyelala anaweza kufanyiwa kazi bila haraka. Daktari Otis wa New York naye alikuwa ameshapima njia ya mkojo na kuikuta pana kuliko ilivyodhaniwa. Bigelow akaunganisha mawili hayo. Alivunja jiwe, kisha akapitisha bomba pana lililounganishwa na tufe la mpira. Ukilibinya tufe, maji yanaingia kibofuni na kuzitibua chenga. Ukiliachia, yanarudi nazo, zinatua kwenye chupa ya kioo chini yake. Vunja, suuza, vunja tena, hata saa nzima ipite, mpaka kibofu kiwe kitupu. Kumbe kilichokuwa kikikiumiza kibofu ni kifusi zaidi ya chuma.

Leo daktari anaona kwa kamera, na jiwe linapasuliwa kwa leza au kwa nyundo ndogo ya hewa. Likiwa kubwa sana hupasuliwa tumbo chini ya kitovu, na hilo si kushindwa. Ila chupa na tufe bado vimo vyumbani mwa upasuaji; muundo unaotumika sana, wa Ellik, ni wa mwaka 1937.

Kuna jambo ambalo koleo wala leza haviligusi. Kwa mtu mzima, jiwe la kibofu mara nyingi huota kwa sababu mkojo umetuama: tezi dume imevimba, mrija umebana, au mpira wa mkojo umekaa muda mrefu. Dalili yake inayojulikana ni mkojo kukatika ghafla, kisha ukaendelea ukibadili mkao, kwa kuwa jiwe limeziba mlango na kuondoka. Eksirei inaweza isilione kabisa likiwa la asidi ya yuriki, ultrasaundi huliona. Kwa hiyo ukiambiwa jiwe limetolewa lote, usiondoke kabla hujamuuliza daktari kwa nini mkojo wako ulikuwa unabaki.