Baada ya Kuacha Imani: Hatia, Raha na Heri katika Riwaya za Kezilahabi

Kiswahili kina maneno mengi ya kumtaja mtu aliyeiacha dini yake, na karibu yote ni mashtaka: ameasi, amekufuru, amepotea, ameritadi. Hata kauli ya 'amerudi nyuma', inayosikika kuwa pole zaidi, humpimia mtu huyo umbali kutoka pale waliposimama wenzake waliobaki. Anayetaka kuyasimulia maisha yake baada ya kutoka hana budi kuazima msamiati wa walio ndani. Uhakiki wa riwaya za Euphrase Kezilahabi umezoea kutanguliza falsafa. Tatizo hili la lugha lilistahili kutangulia.

Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa Ukerewe, alipitia seminari ya Nyegezi kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wasifu huo si ufunguo wa kazi zake, wala Kazimoto wa *Kichwamaji* (1974) si mwandishi aliyebadilishwa jina. Unachodokeza ni kwamba alilifahamu kwa karibu zoezi la kuungama: kujichunguza, kuzitaja dhambi moja moja, kujuta, kupewa kitubio, kuondolewa. Hatua ya mwisho haimo mikononi mwa anayeungama.

*Kichwamaji* inasimuliwa katika nafsi ya kwanza. Kazimoto, msomi anayeishuku imani aliyolelewa nayo, anazitaja tamaa zake, woga wake na chuki yake kwa Manase bila kujitetea sana. Huu ni utaratibu wa maungamo, ila upande wa pili wa kitubio hakuna anayesikiliza. Wahakiki waliomlaumu mwandishi kwa kukata tamaa, hasa wale waliotaka fasihi ihudumie ujenzi wa Ujamaa, walikichukulia kifo cha Kazimoto kama hitimisho la hoja: maisha hayana maana, basi mtu ajiue. Lakini hoja za Kazimoto ni nyepesi kuliko maumivu yake. Akili yake imekwisha kutoka kanisani, hatia haijatoka. Amempoteza mwenye kuondolea, akabaki na orodha ya makosa. Mtoto wake na Sabina anapozaliwa na kichwa kikubwa, msomaji naye hujikuta akilipokea tukio hilo kama adhabu, ingawa mwenye kuadhibu amekwisha kukanushwa.

*Rosa Mistika* (1971) ilikuwa imelionyesha jambo hilohilo kwa sura nyingine. Jina la Rosa ni sifa ya Bikira Maria katika litania, na msichana analibeba kama mzigo tangu mwanzo. Kipigo cha Zakaria kwa sababu ya barua ya mvulana, kisha nidhamu ya shule ya masista, vinamfundisha kuuogopa mwili wake. Anapopata nafasi ya kujichagulia, anachagua yote yaliyokatazwa. Huo ni uhuru. Kupona ni jambo lingine. Charles anapomkataa kwa kuwa si bikira, anatumia mizani ambayo Rosa mwenyewe hajaitupa, na ndiyo maana pigo linamuua. Waliokipiga marufuku kitabu hiki mashuleni walitishwa na anayoyatenda Rosa. Ya kutisha zaidi ni yale anayoendelea kuyaamini.

Hapa tofauti kati ya raha na heri ina uzito. Heri ni neno la Hotuba ya Mlimani. Katika Ukatoliki, 'mwenye heri' ni cheo kinachotangazwa na Kanisa. Heri hutolewa. Raha huchukuliwa, na mahubiri huitilia shaka kwa sababu hiyo. Rosa anaipata raha, lakini anaitazamia imfanyie kazi ya heri. Haiwezi.

Ni katika *Nagona* (1990) tu ambapo Kezilahabi anajaribu umbo jingine. Ngoma Kuu haina mwenye kusamehe wala mwenye kusamehewa, inao washiriki. Furaha inayodokezwa humo haingojewi kutoka juu, na mwili, uliokuwa mshtakiwa katika riwaya za awali, sasa ndio unaohitajika. Huu ni ugunduzi mkubwa, na haupunguzwi na maangamizi yanayoifuata ngoma hiyo katika *Mzingile* (1991).

Hata hivyo, ugunduzi huo umenunuliwa kwa bei ghali. Msimulizi wa *Nagona* hana jina, hana mama anayemsubiri nyumbani baada ya misa, hana Jumapili ya kuijaza. Anayeiacha dini kali kwa kawaida hupoteza pia ukoo, jumuiya na uhakika wa watakaomzika. Kazimoto na Rosa wanaishi katikati ya watu hao, na wote wawili wanakufa. Anayeifikia ngoma ameondolewa kwanza katika kijiji chenyewe. Mtu anayepona akiwa bado anaishi Ukerewe, akiisikia kengele kila asubuhi na kuendelea na kazi zake, hayumo katika riwaya hizi.